MATUMIZI YA NENO "WIMBI" KATIKA HABARI

Wimbi, kwa maana yake ya asili, ni maji yanayoinuliwa na upepo, yakafika ufukweni, yakavunjika na kurejea. Waandishi wa siasa na biashara wamelipa neno hili maana ya kitamathali: wimbi la mageuzi, wimbi la ujambazi, wimbi la kupanda kwa bei. Hapo laeleza jambo lijalo kwa wingi na kwa nguvu, na matumizi hayo ni sahihi.

Tahadhari yahitajika panapohusika watu. Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, zimetajwa mara nyingi kwa "wimbi la wakimbizi": Warundi mwaka 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, na tena mwaka 2015, Wakongo mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu. Lakini wimbi halikai. Wakongo wengi walikaa Nyarugusu zaidi ya miaka 20, wakihitaji maji, kuni na shule.

Kwa hiyo, katika barua na taarifa za Serikali, neno hili liambatane na idadi ya watu, watokako na sababu ya kuja kwao. Bila ya hayo, msomaji atangoja wimbi lipite badala ya kupanga huduma.