Ujira wa Mnyonyeshaji: Somo kwa Tunaotafuta Kazi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Wengi wetu tunakaribia kumaliza masomo na kuingia katika kutafuta kazi. Huko tutakutana na hoja hii: dada alipwe kidogo kuliko kaka, kwa kuwa yeye analishwa na mumewe au baba yake. Tuipime hoja hiyo kwa Qur'an na kwa elimu ya uchumi.

Aya ya 6 ya Suratut-Talaq

Hapa Allah (s.w.) anazungumzia mwanamke aliyeachwa naye ana mtoto mchanga. Akimnyonyesha, baba wa mtoto anaamrishwa ampe ujira wake, na wote wawili washauriane kwa wema. Wakishindwa kuafikiana, mtoto atanyonyeshwa na mwanamke mwingine.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, ujira unafuata kazi. Aya haiulizi kama mama huyo ana ndugu wa kumtunza. Pili, mwanamke anashauriana, hapangiwi tu. Tatu, kila upande una njia nyingine makubaliano yakishindikana. Hilo la tatu ndilo linalompa mtu nguvu ya kujadiliana.

Wachumi wanasemaje?

Mwaka 1933 mchumi wa Uingereza, Joan Robinson, alieleza soko la kazi lenye mwajiri mmoja. Alionyesha kwamba mwajiri huyo anaweza kumlipa mwanamke chini ya mwanamume hata wakifanya kazi sawasawa, ikiwa mwanamke hana wepesi wa kuacha kazi. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kuhamia mji mwingine kwa ajili ya mshahara bora, na mwajiri analijua hilo.

Hali yetu Uganda

Sheria ya Ajira ya 2006 inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Lakini kima cha chini cha mshahara kilichopo ni cha 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambayo leo haimlishi mtu hata siku mbili. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kurekebisha jambo hilo, Rais hakuutia saini. Kwa hiyo mfanyakazi anabaki na nguvu zake mwenyewe. Katika mashamba ya maua karibu na Ziwa Viktoria wafanyakazi wengi ni wanawake. Anayedai nyongeza peke yake ni rahisi kuambiwa wapo wengine wanaoitaka kazi yake. Wakidai pamoja kupitia chama chao, mwajiri hawezi kuwabadilisha wote kwa siku moja.

Nafaqa si punguzo la mshahara

Ni kweli nafaqa ya mke ni wajibu wa mume. Lakini Suratun-Nisaa, aya ya 32, inampa mwanamke fungu lake katika alichokichuma, kama ilivyompa mwanamume. Mwajiri anayepunguza mshahara wa dada kwa sababu ana mume, anamtwisha mume huyo deni lake yeye.

La kufanya

Dada, uliza viwango vya mshahara kwa waliotangulia kabla ya usaili. Usitie saini mpaka malipo, saa za kazi na likizo ya uzazi (kisheria siku 60 za kazi, kwa malipo) viwe vimeandikwa. Wanazuoni wa fiq-hi nao wameweka sharti kwamba ujira ujulikane.

Kaka, usimfiche dada unayefanya naye kazi kiasi unacholipwa. Siri hiyo humfaa mwajiri tu.

Nawe utakayeajiri kesho, kumbuka hadithi qudsi iliyo katika Sahihi Bukhari: Allah atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa aliyemtumikisha mtu akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Maswali ya halaqa

1. Ni nini kinachowafanya dada zetu wakubali mshahara wa kwanza wanaotajiwa?
2. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini ili wawe na njia nyingine?

Wallahu a'lam.