Viroboto wa maji na chakula chao

Mvua za Singida zikianza, mwezi wa Novemba au Desemba, malambo hujaa. Baada ya wiki chache maji hugeuka kijani. Chota maji hayo kwa glasi, uyaelekeze kwenye mwanga. Utaona vidudu vidogo kama punje za ulezi, vinarukaruka. Hao ndio viroboto wa maji. Hawaumi mtu, wala si viroboto kweli. Ni jamaa ya uduvi na kamba. Usiwatafute Singidani wala Kindai. Maji ya maziwa yale ni ya chumvi, hawa wa lamboni hawayawezi. Vifaranga vya samaki huwapenda sana, kwa hiyo mwenye bwawa la perege anawahitaji.

Ule ukijani ni mwani, yaani vimea vidogo mno. Kiroboto huuchuja kwa miguu yake akaula. Sasa tupige hesabu. Jike huzaa bila dume. Tuseme mwenye shibe anazaa majike 10 kwa wiki. Tukihesabu uzao mpya peke yake, wiki ya kwanza ni 10, ya pili 100, ya tatu 1,000. Mwenye njaa akizaa 2, wiki ya tatu ni 8 tu! Lambo ni lile lile, jua ni lile lile.

Lakini si kila mwani ni chakula. Uko mwani wa kijani-buluu, ambao wataalamu wanauhesabu kuwa ni bakteria. Huu hushikamana kama nyuzi au mabonge, ukaziba chujio la kiroboto. Tena hauna mafuta anayohitaji ili akue na kutaga. Ni kama mtoto anayelishwa uji wa muhogo mtupu: tumbo limejaa, mwili haukui. Na aina nyingine zina sumu.

Mwani huo hupenda maji yaliyotuama, yenye joto na samadi nyingi. Hapo ndipo sisi wafugaji tunapokosea. Tunaswaga ng'ombe mpaka ndani ya lambo, wanakunywa na kunya humo humo. Mwisho maji yanakuwa kama yamemwagiwa rangi. Watu husema, aa, tutachemsha. Jamani, sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha! Mifugo imekufa kwa maji ya namna hiyo katika nchi nyingi. Wanyweshe kwenye birika, mbali na lambo.

Bwawani tia samadi kidogo kidogo. Gongomea kifuniko cheupe kwenye ncha ya fimbo, ukizamishe. Kikipotea machoni kabla ya sentimeta 30 hivi, acha samadi kwanza. Usipime kwa mkono, kichocho bado kipo.

Viroboto wakizidi humaliza mwani, wakafa njaa. Lakini chakula kikipungua, majike hutaga mayai magumu, yanayokaa miaka ndani ya tope kavu. Kiangazi chukua udongo wa lambo lililokauka, utie kwenye chupa yenye maji safi ya mvua, uiweke penye mwanga. Tazama kila asubuhi.