Kuacha Pombe: Hapana Peke Yako
Fundisho kwa wamama wa kliniki

Siku ya kupima watoto tunauliza: «Mtoto anakula nini?» Mara mingi mama ananyamaza kwanza. Kisha anasema polepole: «Feza yote ilikwisha ku pombe.»

Hapa Likasi, Kikula, Panda ao Shituru, mambo haya yanajulikana. Mwenye mshahara anakunywa bia. Mwenye hana mshahara anakunywa lutuku, nayo ni kali kupita bia. Watoto ndio wanalala na njaa. Leo tujifunze namna ya kutafuta msaada.

1. NI UGONJWA

Mtu mwenye kushikwa na pombe anaapa kwamba ataacha, halafu anarudilia. Anaficha chupa. Asubuhi mikono inatetemeka, naye anakunywa ili itulie. Haya ni alama za ugonjwa. Kumtukana hakumponyeshi. Kumwaga pombe yake pia hakumponyeshi, atatafuta ingine.

Mama, si wewe uliyeleta ugonjwa huu. Na hauwezi kuuponyesha peke yako.

2. ANGALISHO: KWANZA KWA MUGANGA

Mwenye kunywa sana kila siku asiache kwa gafula nyumbani bila kuonana na muganga. Mwili umezoea pombe. Ikikosekana, mtu anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, kutapika na kukosa usingizi. Wengine wanaanguka na kushikwa sawa na mtu wa kifafa, mara mingi katika siku 2 za kwanza. Wengine, siku ya 2 mpaka ya 4, wanachanganyikiwa na kuona vitu ambavyo haviko. Hapana kusema ni uchawi. Umpeleke hospitali upesi, maana anaweza kufa. Kuko dawa.

3. KIKUNDI CHA KUSAIDIANA NI NINI?

Mwaka 1935, mfanya biashara mmoja wa Marekani alikuwa safarini katika mji wa Akron. Alikuwa ameacha pombe karibu miezi 5. Kazi yake iliharibika, na kiu ikamrudilia. Hakutafuta mtu wa kumhukumu. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akapata muganga mmoja wa kupasua, aliyeshindwa kuacha pombe. Wakasaidiana, na wote wawili wakaacha. Hivyo vikundi vya Alcooliques Anonymes vilianza, na leo viko katika inchi zaidi ya 150. Mwaka 1951, bibi ya yule mfanya biashara na mama mwengine waliunganisha vikundi vya jamaa za walevi. Vinaitwa Al-Anon.

Katika mkutano watu wanaketi pamoja, karibu saa moja. Mmoja anasema jina lake moja tu, anaeleza namna pombe ilivyomtesa na namna anavyojikaza. Wengine wanasikiliza. Hakuna kumcheka wala kumkatiza. Hakuna kulipa ili kuingia. Maneno ya mkutano yanabaki mkutanoni. Kila mtu anajaribu kuacha kwa siku ya leo. Kesho ataanza tena.

Wamama, munajua likelemba. Kila mmoja anatoa kidogo, na zamu ya kila mmoja inafika. Kikundi ni vile vile: leo unasaidia mwenzako, kesho yeye anakusaidia.

4. NAMNA YA KUTAFUTA

Ukiingia kwa muganga, wakati watu wengine hawasikie, umuulize: «Kuko kikundi cha watu wanaoacha pombe? Kinakutana wapi, siku gani?» Uliza pia ku parokia ao kanisa lako.

Kama hakuna, hapana kukata tamaa. Kule Akron watu 2 walitosha kuanza. Mutafute mwenzenu mwenye taabu ile ile. Muchague siku moja ya juma, saa ile ile, na nafasi ambapo hawauzishi pombe. Mupatane kuchunga siri, kwa sababu siri ikitoka mara moja, watu hawatarudi.

Bwana wako umuambie asubuhi, wakati hajakunywa. Maneno machache: «Baba, wewe ni mgonjwa. Kuko watu wanaoweza kutusaidia.» Akikataa, wewe uende kwa kikundi cha jamaa. Utapata nguvu na shauri la kuchunga watoto. Kama amelewa na anataka kupiga, hapana kubishana. Toka na watoto, muende kwa ndugu ao jirani wa kuaminika.

5. KAMA NI WEWE MAMA

Pengine anayekunywa ni wewe mwenyewe. Hapana kuogopa kutuambia. Kama uko na mimba, pombe inapita katika damu mpaka kwa mtoto. Inaweza kuharibu ubongo na kukomea kwake. Hata kidogo haifai. Tuambie unakunywa kiasi gani, ili tukusaidie kuacha bila hatari.

Wamama wengine wanapika lutuku ili watoto wapate bukari. Tunajua sababu. Lakini anayetaka kuacha hawezi kuonja na kuuzisha kila siku. Muulizane katika kikundi: tunaweza kuuzisha nini kingine? Mikate? Mboga? Mama mmoja hana feza ya kuanza, lakini likelemba inaweza kumuanzisha.

Na mtu akianguka, akakunywa tena? Arudi mkutanoni juma lile lile. Kuanguka si mwisho. Hatari ni kuona haya na kubaki nyumbani.

MAULIZO

1. Alama gani zinaonyesha kwamba pombe imeshika mtu?
2. Kwa nini mwenye kunywa sana aonane na muganga kabla ya kuacha?
3. Kama hakuna kikundi karibu na kwako, utaanza na nani? Siku gani?

Jibu la ulizo la 3 ulishike katika roho, na juma hili umuendee mtu yule.