Hati ya Kosa la Barabarani

Mtu asafiriye kutoka Bukoba kwenda Muleba hupita Kemondo na Muhutwe, akipanda vilima na kushuka. Njiani huona mabasi na malori, baiskeli zilizopakiwa mikungu ya ndizi, bodaboda wenye abiria, na watoto waendao shule kwa miguu. Wote hawa hutumia barabara moja. Kwa sababu hiyo iko sheria, nayo ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Sheria hiyo huagiza kwamba penye makazi ya watu gari lisizidi mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Tena aendeshaye pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu.

Mtu avunjaye amri hizo hukamatwa na askari wa usalama barabarani, ambaye watu humwita trafiki, naye huandikiwa hati. Leo twataka kujifunza maana ya hati hiyo, na jinsi ya kuimaliza. Maana wako watu wengi walipao faini bila kujua walipia nini. Na wengine huificha hati mfukoni, wakidhani kwamba kosa likisahauliwa nao, limesahauliwa na Serikali pia.

Hati ni nini?

Hati ya askari si hukumu. Ni mashtaka. Askari husema, “Naamini kwamba umetenda kosa hili.” Basi mshtakiwa ana njia mbili. Njia ya kwanza ni kukubali kosa na kulipa faini iliyowekwa na sheria, na shauri likaisha bila kufika kwa hakimu. Njia ya pili ni kukataa, na kusikilizwa mahakamani. Njia ya tatu, yaani kunyamaza, haimo katika sheria. Wala haimfai mtu, maana deni lisipolipwa kwa wakati wake huongezeka.

Zamani faini kwa kosa moja ilikuwa shilingi 30,000 kwa gari na kwa pikipiki sawasawa. Mwaka 2021 sheria ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji ikawa shilingi 10,000, kwa kuwa vijana wengi hupata riziki yao kwa vyombo hivyo. Lakini makosa makubwa hayamalizwi kwa hati. Mtu aliyesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari hupelekwa mahakamani, hata akikubali kosa lake.

Mfano wa kijana na pikipiki

Tutwae mfano. Kijana mmoja wa Muleba alipewa fedha na mama yake, zilizopatikana kwa kuuza kahawa, akanunua pikipiki iliyokwisha kutumika. Aliitazama injini, akazitazama taa na magurudumu, akaridhika. Jambo moja hakulitazama, nalo ni madeni. Maana hati huandikwa pamoja na namba ya chombo, na chombo kikiuzwa, namba huenda pamoja nacho.

Siku moja alisimamishwa karibu na Muhutwe, kwa kuwa abiria wake hakuvaa kofia. Askari aliandika namba ya pikipiki katika mashine yake, akasema, “Kijana, leo una kosa moja, lakini pikipiki hii ina hati nyingine tatu ambazo hazijalipwa.” Kijana alistuka. Shilingi 40,000 hakuwa nazo. Jioni, kijiweni, mtu mmoja akamnong’oneza, “Nipe shilingi 15,000, nami nitakufutia yote.”

Kijana hakutoa fedha. Alikwenda kwa mjomba wake.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Mbona uso umekunjamana?”

Kijana akamweleza habari yote. Mjomba akafikiri kidogo, akasema, “Mtu yule wa kijiweni mwache kabisa. Kwa sheria ya rushwa ya mwaka 2007, atoaye na apokeaye wote wana kosa. Tena kesho hati zitakuwapo vilevile, na fedha zako hazitakuwapo. Sasa tusizichanganye hati hizi nne. Tuzitazame moja moja. Abiria wako wa leo alivaa kofia?”

“Hakuvaa, mjomba.”

“Basi hiyo ni yako. Ilipe kabla jogoo hajawika mara ya pili. Hizo tatu, ziliandikwa lini, wapi, na kwa kosa gani?”

Kijana hakujua. Mjomba akatwaa simu, akafungua ukurasa wa Jeshi la Polisi ambao kila mtu aweza kutafutia hati. Mtu huandika namba ya chombo, au namba ya leseni, au namba ya hati yenyewe, naye huona hati zisizolipwa. Wakaona kwamba hati mbili ziliandikwa kabla ya kijana kuinunua pikipiki. Ya tatu iliandikwa baadaye, mjini Bukoba, kwa mwendo wa kasi. Kijana akapiga kofi, akasema, “Siku hiyo pikipiki ilikuwa kwa fundi, hapa Muleba, imefunguliwa injini!”

Jinsi shauri lilivyokwisha

Asubuhi kijana alilipa ile hati ya kofia. Hakumpa askari fedha mkononi. Kila hati ina namba yake ya malipo, na mtu hulipa kwa simu au benki kwa namba hiyo, na fedha huingia katika hazina ya Serikali. Akauhifadhi ujumbe wa malipo, maana mlipaji asiye na ushahidi wa malipo aweza kudaiwa tena.

Kisha akachukua hati ya mauziano ya pikipiki, yenye tarehe na sahihi za mashahidi, akaenda kituo cha polisi. Aliyemwuzia akaitwa. Alipoiona tarehe hakuwa na neno. Akalipa zile hati mbili. Laiti mauzo yale yangalifanywa kwa maneno matupu, kijana angalithibitisha kwa nini?

Ikabaki hati ya tatu. Mjomba akamwambia, “Mahakama si karibu, nayo haimalizi shauri kwa siku moja. Utatumia nauli, tena utapoteza siku za kazi. Wako watu ambao wangelipa shilingi 10,000 wakaenda zao. Lakini ujue neno hili: mtu akikiri kosa mbele ya hakimu, baadaye hawezi kukata rufaa akisema hakulitenda, aweza kulalamikia ukubwa wa adhabu tu, au kwamba adhabu si halali. Kinywa chako kikisema ndiyo, sheria itakishika kinywa chako.”

Kijana akachagua kusikilizwa. Katika Mahakama ya Wilaya alisomewa shtaka kwa Kiswahili, maana tangu mwaka 2021 sheria imeifanya lugha hiyo kuwa lugha ya mahakama zetu. Na bibi kizee asiyejua ila Kihaya hufasiriwa, ili aelewe yasemwayo juu yake. Kijana akajibu, “Si kweli.” Hapo kazi ikawa juu ya mwendesha mashtaka, maana Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa lake halijathibitishwa. Fundi akaja, akaonyesha daftari lake la kazi, lenye tarehe na namba ya pikipiki. Hakimu akaona kwamba huenda namba ilisomwa vibaya, akamwachilia kijana.

Na kama angalishindwa? Bado mlango haukufungwa. Aliyehukumiwa katika Mahakama ya Wilaya ya Muleba aweza kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Bukoba. Hutoa taarifa ya nia yake katika siku 10 tangu hukumu, kisha huleta hati ya rufaa katika siku 45, na siku za kungojea nakala ya mwenendo wa shauri hazihesabiwi. Jambo hili si geni kwa watu wa Buhaya. Wakati wa utawala wa Waingereza, mtu asiyeridhika na baraza la gombolola alilipeleka shauri lake mbele, kwenye lukiko la Omukama.

Yatupasayo kukumbuka

Mambo matano humsaidia mtu aliyeandikiwa hati. Kwanza, aisome papo hapo: namba, tarehe, mahali, na kosa. Pili, ajiulize kwa kweli kama ametenda. Tatu, kama ametenda, alipe mapema kwa namba ya malipo, na kuuhifadhi ushahidi. Nne, kama hakutenda, aseme hivyo mapema, na kukusanya mashahidi na maandiko yake. Tano, anunuaye chombo kilichotumika atafute madeni yake kabla ya kutoa fedha, tena aandikiane na mwuzaji.

Kijana yule alikuwa na kosa moja la kweli, nalo lilikuwa jepesi kulipa kuliko kofia ya abiria ilivyo nyepesi kuvaa. Tusisahau kwamba kofia ile ingaliweza kuokoa kichwa cha mtu. Wahenga walisema, “Dawa ya deni ni kulipa.” Ni kweli, bali mwenye busara kwanza huuliza kama deni ni lake.

Maswali

1. Kwa nini twasema kwamba hati ya askari si hukumu?
2. Pikipiki ina hati nne za mwaka 2022, kila moja ya kosa moja. Jumla ya faini ni shilingi ngapi?
3. Hati ya mauziano na daftari la fundi vilimsaidiaje kijana?
4. Mtu amehukumiwa Muleba tarehe 3 Machi. Atoe taarifa ya rufaa kabla ya siku gani kupita?
5. Je, wewe ungalilipa hati ya tatu, au ungalikwenda mahakamani? Toa sababu zako.