Karavani na watoto wadogo: Kagua hewa kabla ya kukagua magurudumu

Huenda umenunua karavani kwa mara ya kwanza, kile kijumba cha magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari, na unapanga kuipeleka familia Naivasha, Nanyuki au Pwani wakati wa likizo. Ni jambo la kufurahisha. Watoto hulala katika kitanda kile kile kila usiku, chakula unapika mwenyewe, na hulazimiki kulipia hoteli.

Lakini wazazi wengi hukagua breki, taa na magurudumu, wakasahau kwamba familia nzima italala, itapika na kupumua katika nafasi isiyozidi chumba kimoja kidogo. Mambo ambayo hayadhuru katika nyumba ya kawaida yaweza kuua humo. Yafaa uyajue kabla ya kufunga safari.

Hatari isiyonuka

Hatari kubwa kuliko zote haionekani wala hainuki. Nayo ni gesi ya kaboni monoksidi. Hutoka katika makaa, kuni, mafuta ya taa, petroli na hata gesi ya kupikia, vitu hivi vinapoungua bila hewa ya kutosha. Ukiivuta, huingia katika damu na kushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini haibebi oksijeni ya kutosha kwa ubongo na moyo. Watoto hudhurika mapema kwa kuwa hupumua upesi kuliko watu wazima. Mama mjamzito naye huwa hatarini pamoja na mtoto aliye tumboni.

Usiku wa Nanyuki au Naivasha huwa na baridi, hasa kati ya Juni na Agosti, na hapo ndipo mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa ndani. Usithubutu. Makaa yaliyofifia na kufunikwa na majivu bado hutoa gesi hii, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko mlilochomea nyama jioni lisiingizwe ndani wala kuwekwa mlangoni kabla halijapoa kabisa. Usiwashe stovu ya gesi ili kuota moto, wala usiweke jenereta karibu na madirisha. Wavalishe watoto sweta na soksi, na uongeze blanketi.

Karavani iliyotengenezwa sawasawa huwa na matundu ya hewa juu na mengine sakafuni. Hayo ya sakafuni yana kazi muhimu: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama chini, pale pale watoto wanapocheza. Matundu huiruhusu itoke. Usiyazibe kwa matambara eti kwa sababu ya baridi au vumbi. Funga mtungi kila mnapolala na kila mnapoanza safari. Ikiwa karavani ni kuukuu, mwite fundi wa gesi akague mipira na viungo vyote. Kuna pia kifaa kidogo cha betri ambacho hulia kwa sauti kubwa kaboni monoksidi inapozidi. Kinunue kabla ya kununua televisheni.

Dalili za sumu hii ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na usingizi usio wa kawaida. Ni rahisi kudhani ni malaria au chakula kilichoharibika. Lakini malaria kwa kawaida huja na homa. Iwapo watu wawili au watatu waliolala pamoja wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, shuku hewa. Watoe wote nje mara moja, kisha wapeleke katika hospitali yenye oksijeni hata kama wanasema wamepona. Usipoteze wakati kuwanywesha maziwa kama wengi wanavyoamini. Maziwa hayaondoi gesi katika damu, na mtu aliyezirai aweza kupaliwa nayo.

Mkiwa barabarani

Mtu yeyote asikae ndani ya karavani inapovutwa. Watoto wakae ndani ya gari, kila mmoja katika kiti kinacholingana na umri na uzito wake, na mtoto mchanga katika kile kinachotazama nyuma. Mikono ya mama, hata awe na nguvu kiasi gani, haiwezi kumzuia mtoto gari likigonga.

Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio husumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Wape chakula chepesi, watazame mbele badala ya vitabu au simu, na msimame kila baada ya saa mbili. Mkisimama, usimwache mtoto ndani ya gari au karavani iliyofungwa. Juani, joto la ndani laweza kupanda kwa nyuzi 10 katika dakika 10. Mahali penye joto kama Voi, muda huo watosha kumdhuru.

Maji na mbu

Tangi la karavani huenda limekaa miezi likiwa na maji yaliyolala. Lioshe, litie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ulisuuze. Maji ya kunywa yabebwe kando katika mtungi wenye kifuniko. Mkiishiwa, chemsha mengine mpaka yatokote kwa dakika 1. Penye mwinuko unaozidi mita 2,000, kama Nyahururu, yaache yatokote dakika 3, kwani huko maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Beba pakiti za chumvi na sukari za kutibu kuhara. Zikikosekana, koroga vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazishwa.

Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga ya malaria kama yule wa Kilifi au Kisumu. Mkienda Pwani au kandokando ya Ziwa Victoria, muone daktari mapema kuhusu dawa za kujikinga, na kila kitanda kiwe na neti iliyotiwa dawa. Akipata homa mkiwa safarini, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe damu siku hiyo hiyo, na umweleze daktari mlikokwenda.

Anzia nyumbani

Kabla ya safari ya kwanza, laleni katika karavani usiku mmoja mkiwa uani. Pikeni humo, fungeni mtungi, angalieni matundu, na wafundishe watoto kufungua mlango wenyewe gizani. Kasoro itakayojitokeza hapo ni rahisi kuirekebisha, kwani fundi na daktari wako karibu.