Nilikodi Chumba, Sikukodi Ufuko

Niliwahi kulala katika hoteli ya fahari iliyo ufukoni Waikiki, mjini Honolulu, Marekani. Asubuhi nikamwona mzee ametandika mkeka mbele ya dirisha langu, akila na wajukuu wake. Nikamwuliza mtumishi, mbona hafukuzwi? Akajibu kwa upole, “Bwana, umekodi chumba, si ufuko.” Nikaona haya. Kumbe kwa sheria ya Hawaii, ufuko ni wa watu wote mpaka pale mawimbi ya juu yanapofika. Hapa Uganda, kanuni za mwaka 2000 ziliweka mita 200 za kulinda ukingo wa Ziwa Victoria. Je, mwanafunzi, unazijua? Zisome mapema, ukuta haujajengwa.