SOMO LA MWEZI: FARANGA 100 ZA MWAKA 1980



Wataalamu wa uchumi wanapojadili mshahara, tusikae kimya kwa kudhani kuwa hayo ni mambo ya wasomi. Tuanze na hesabu yenyewe.

Mwaka 1980 kima cha chini cha mshahara nchini Rwanda kiliwekwa kuwa faranga 100 kwa siku. Wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa faranga zipatazo 93; mwaka 2024 ilizidi faranga 1,300. Yaani zile faranga 100 zilizopita dola nzima zimekuwa chini ya senti 8. Kima hicho hakikupunguzwa na mtu. Kiliachwa tu, bei zikakimeza.

Sheria ya Kazi ya 2018 ilimwachia Waziri kutangaza kima kwa amri. Hapo ndipo penye mabishano. Upande mmoja husema: kima kikipanda, waajiri watapunguza watu. Upande wa pili hujibu: mwenye mshahara hununua, na kiwanda kikauza.

Sisi tuziulize pande zote mbili: kima kipi, kwa kazi ipi? Kibarua wa kiwandani hapa Kicukiro huhesabiwa siku. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Kima cha siku kisichogeuzwa kuwa bei ya kilo hakimsaidii mchumaji.

Tujadili katika matawi yetu: kwa bei za soko la Kicukiro, familia yahitaji faranga ngapi kwa siku? Tuandike bei moja moja. Mwenye hesabu mkononi hafungwi mdomo.